Tulivyobomoa nyumba ya bibi huku Suji bila kutupa kifusi korongoni

Wakuu, nawasalimu. Hili limetokea nyumbani kwetu na nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Sitatia chumvi.

Nimemaliza chuo, kazi bado, nipo kwa bibi huku Suji, milimani Same. Masika yalipasua ukuta wa nyumba yake, ufa wa kuingiza mkono. Kila wingu likitanda, mimi nakwenda kuutazama ule ufa.

Bibi akagoma kutoka. Matofali yale aliyafyatua na kuyachoma marehemu babu, yeye akimbebea maji.

Baba mdogo akaitisha msaragambo, yaani majirani wote wanakuja kufanya kazi, nyie mnawapikia. Mpango wake: tubomoe, kifusi kiende korongoni, maana lori halifiki kwetu.

Sasa korongo lile linashuka hadi kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mvua ikija, kifusi kinaziba ndiva, na maharage ya hao hao waliokuja kutusaidia yanakauka.

Niliwaza mno kama ni adabu kumpinga mkubwa mbele za watu. Mwishowe nikasema.

"Baba mdogo, tutaziba ndiva."

"Haya msomi, kifusi ukakipike basi!"

Watu wakacheka. Bibi, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

"Jasho la mume wangu halitupwi korongoni. Mkitupa, mtutupe wote wawili."

Baba mdogo akavua kofia. "Sawa mama. Tutajengea hayo hayo."

Ndipo bibi akatoka.

Kuta zikashushwa taratibu kuanzia juu. Matofali mazima yakakwanguliwa na kupangwa. Yaliyovunjika yakapondwa ya kujazia chini ya sakafu mpya. Mabati yaliyooza yakawekwa kando kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mimi niligonga tofali moja moja kusikiliza kama ni bovu.

"Dokta, mgonjwa anaendeleaje?" baba mdogo akanitania. Ila yale niliyoyakataa hakuyajengea.

Chumba cha bibi kilipokamilika, bibi aliingia akapapasa ukuta.

"Kumbe sijahama," akasema. Machozi yakamtoka. Baba mdogo akatoka nje, akasimama ametupa mgongo.

Nilichojifunza: kabla hujabomoa, jua kifusi kitaishia kwa nani, na mwenye nyumba anaacha nini humo ndani.

Waliojengea matofali ya zamani, baada ya masika kadhaa hali ikoje? Niambieni ukweli hata kama ni mbaya. Bibi analala humo.