Safi ya Mama Ncha

Mama Ncha haamini hata kivuli chake. Jina alilipata maabarani, kwa sababu ya elektrodi zake: vijiti vyenye ncha ya kaboni, anavyovipaka unga mweusi na kuvichovya kwenye mkojo wa madereva. Mkojo ukiwa na dawa ya kulevya, mstari kwenye skrini huinuka kama kilima. Ila ncha ina tabia ya mmbeya: hubeba ya huyu ikampelekea yule. Kwa hiyo kila baada ya mtu mmoja lazima isuguliwe kitambaani hadi ing'ae, ipakwe upya.

Asubuhi moja kilima kiliinuka kwa dereva mzee asiyegusa hata sigara. Mlangoni, meneja wake alikwishanyoosha mkono kudai funguo za basi.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alinong'ona Mama Ncha, akimkazia macho mwenzake wa zamu, Masharubu.

"Usinitazame hivyo, dada. Mimi si mchawi."

"Mchawi gani hujitangaza?"

Alinusa kizibo cha chupa ya mkojo. Alikagua lakiri, nzima. Mwisho akaichovya ncha ileile kwenye maji matupu. Kilima kikainuka.

"Kumbe hata maji yanalewa!" Masharubu akacheka.

Yeye hakucheka. "Yule aliyetangulia, si alikutwa na dawa? Niliporudi kutoka stoo nikakuuliza, 'Vipi, safi?' Ukajibu nini?"

"Safi kabisa."

"Ncha uliisugua?"

"Dada, mimi nilidhani unanisalimia."

Riziki ya mtu ilikuwa imening'inia kwenye salamu! Mama Ncha aliisugua ncha mwenyewe, akaipaka, akapima mkojo wa mzee tena. Mstari ukalala. Akatoka mbio.

"Baba, kosa ni letu. Huna kitu."

Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni. "Punde hivi mlevi, sasa malaika. Nikuamini lipi?"

"Mmepatana huko ndani, eh?" meneja akadakia.

Mama Ncha akaufungua mlango wote. "Ingieni. Nitasugua mkiona, nitachovya mkiona."

Waliingia, wakamsimamia. Mzee aliinama hadi pua ikakaribia kugusa skrini. Mstari ulilala tena. Akamgeukia meneja, akatikisa funguo mkononi, akaenda zake bila kumshukuru mtu.

"Hata asante?" Masharubu akanung'unika.

"Ya nini?" alisema Mama Ncha. "Lete hiyo chupa nyingine. Na nikikuuliza safi, nionyeshe."