Aibu ya Sufuria

Mtoto mwenye vidole vilivyoingia weusi wa majani ya chai humuulizi jana alikuwa wapi. Nilipofundisha darasa la nne huko Matwebe, msichana mmoja alikuwa na vidole hivyo. Siku za gari linalokusanya majani ya chai, nafasi yake kwenye dawati ilikuwa tupu. Mtihani wa taifa ulipokaribia nilikwenda kwao, maana asiyeufanya hurudia darasa, na watoto wa hali yake wakirudia, wengi huacha shule.

Mama yake nilimkuta amefungwa mkono. Aliteleza kwenye tope la shambani, mfupa ukavunjika. Mume alikuwa amekwishafariki.

"Mwalimu, siku zote mbili za mtihani gari linapita," alisema. "Majani yakikomaa hawayapokei. Tutakula nini?"

"Si uwaite majirani wakuchumie?"

Alicheka kidogo. "Niwaite, niwapikie nini?"

Kwetu ukiwaalika watu shambani, unawapikia. Ni heshima, na ni nzuri. Lakini heshima hiyohiyo humfungia njia asiye na kitu: anayehitaji mikono kuliko wote ndiye asiyethubutu kuiita, basi hutumia iliyomo nyumbani, hata kama ni midogo. Wala si kwamba hampendi mwanawe. Jioni ile nilimwona akimpaka mafuta vidole vilivyopasuka.

Njiani nilimsimulia bibi jirani yao. Akaguna. "Kumbe ni aibu ya sufuria tu!"

Sisi walimu hatusimamii mtihani wa wanafunzi wetu, kwa hiyo asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani nilikuwepo shambani. Bibi alifika na wanawake wenzake, vikapu vya kuchumia mgongoni, na kila mmoja ndizi zake za kuchemsha mkononi.

"Jamani, na mimi sijapika!" mama alilalamika.

"Nani kakuomba ugali?" bibi akamjibu. "Kwanza ugali wako tunaujua. Tuletee maji ya kunywa."

Wakacheka, wakaingia kwenye chai.

Alasiri msichana alirudi mbio, akavaa kikapu mgongoni juu ya sare.

"Toka huku!" bibi akamfokea. "Kesho huna mtihani?"

"Kipande cha chini bado, bibi. Kesho nani atachuma?"

Bibi alimgeukia mama, naye akasogea, akamvua mwanawe kikapu kwa ule mkono mzima.

"Kasome," alisema. "Kesho nitawaita mimi mwenyewe."