Vyumba Vitatu Hadi Barazani

Harufu ya uji wa pilipili manga haifichiki. Ulipoanza kuchemka uani, wapangaji wote wa nyumba yetu ya Kariakoo walijua mama amejifungua. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sukari tunaipangia foleni, nami nina miaka tisa na mdomo usiopumzika. Mdogo wangu alizaliwa kwa shida, na wiki ya tatu ilipokwisha bado miguu ya mama ilitetemeka akisimama. Bibi, aliyemzaa mama, alikuja kutoka Lindi kumlea. Alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamfunga tumbo kwa kanga. Mama Zuhura wa chumba cha mbele, aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alitangaza uani kwamba mzazi yule siku ya arobaini atatolewa nje kwa kubebwa. Mama alisikia. Alilia, kisha akaapa kwamba atatoka kwa miguu yake, mwanawe mikononi.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Kwenda barazani unapita korido na vyumba vitatu. Bibi aliweka sharti: mama afike chumba cha kwanza bila kuhema ndipo ajaribu cha pili. Fimbo ya mama ilikuwa bega langu. Lakini mimi na haraka zangu! Siku moja bibi yuko kwenye foleni, nikamvuta mama twende tukamkomeshe Mama Zuhura. Tulipofika chumba cha pili magoti yakamlegea, akakaa sakafuni, jasho linamtoka. Bibi alitukuta hapohapo. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema tu, "Mwenda pole hajikwai. Kesho mnaanzia mlangoni kwetu."

Tukaanza upya. Kila siku hatua chache, anapumzika, anarudi kunyonyesha. Wapangaji wakawa wanafunua mapazia kumsalimu. Siku tuliyofika chumba cha mbele, Mama Zuhura alitoka kimya na kigoda, akakiweka chini mama akae. Sikuamini macho yangu.

Siku ya arobaini mtoto alinyolewa, mama akavaa kanga mpya. Mlangoni kwetu aliuondoa mkono begani mwangu, akampokea mtoto kwa bibi. "Niache sasa," aliniambia. Akapita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kigelegele cha kwanza alikipiga Mama Zuhura. Mama hakuishia barazani. Alikwenda hadi kwa muuza nazi wa kona, akachagua nazi yake mwenyewe. Nilitembea nyuma yake nikiringa kana kwamba nimezaa mimi.

Nyumba ile imebomolewa, pamesimama ghorofa. Binti yangu amejifungua juzijuzi, anaishi ghorofa ya tano, na kwenye simu yake anatazama wazazi wa wiki mbili tu tangu kujifungua wanaorukaruka. Nilimpikia uji, nikampa bega, tukaanzia mlangoni kwake. Alinung'unika kwamba namchelewesha. Jana, mbele ya mlango wa jirani wa tatu, mwenyewe aliuondoa mkono begani mwangu. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakafungua milango.