Debe la Mlangoni na Debe la Ukutani

Jumanne, wiki tatu zilizopita, kabla ya saa sita mchana, mwenye kisiagi wa mtaa wetu hapa Kitengela alifariki hospitalini Kajiado, alikokuwa amelazwa siku nne kwa ugonjwa wa sukari. Ameacha mke, mabinti wawili walioolewa, mama mzazi aliye hai kule magharibi, na mashine moja ya kusaga mahindi. Hakuwa rafiki yangu kwa maana ya watu wanaotembeleana. Sikuwahi kula kwake, wala yeye hakuwahi kula kwangu. Lakini kwa miaka kumi na miwili nilimpelekea mahindi kila Jumamosi asubuhi, nikawa nakaa pale mpaka saa saba ilhali kusaga kwenyewe kulikuwa kazi ya dakika tano. Wasomaji wa safu hii wana haki ya kujua kwamba mengi niliyowaandikia juu ya siasa, mila na maisha niliyatoa pale. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye hakutaka kutajwa gazetini alipokuwa hai, na leo pia sitamtaja.

Alikuja huku mwanzoni mwa miaka ya tisini, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Kiwanda kilipopunguza watu, akanunua kisiagi na robo ekari kutoka kwa mzee mmoja Mmaasai, ambaye boma lake lilibaki pale pale upande wa pili wa ua. Siku hizo nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya choo chake, na mtu angeweza kutoka kwake mpaka barabara ya Namanga bila kukutana na seng'enge. Akajenga chumba cha mabati, akavuta stima, akaweka mashine katikati. Kando ya mashine alifudikiza madebe mawili ya kukalia, moja mlangoni, jingine ukutani. Haya madebe ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Jambo likizuka kwenye foleni, liwe la serikali, la mahari, au kama Mungu anasikia maombi ya timu mbili zinazocheza mpira siku moja, anayeunga mkono alikaa debe la mlangoni na anayepinga akakaa la ukutani. Waliongea mpaka mteja amwage mahindi yake kwenye mashine. Hapo mwenye kisiagi alibonyeza swichi, na ule mngurumo ukafunika kila kitu. Ungefungua mdomo namna gani, hakuna ambaye angekusikia. Ulilazimika kukaa na hoja ya mwenzako kichwani muda wote wa kusaga gorogoro mbili au tatu, ile mikebe ya kilo mbili. Mashine ikizimwa, wale wawili walibadilishana madebe, na kila mmoja alitakiwa kutetea kile alichokuwa anapinga. Aliyekataa alisagiwa mwisho, hata kama alifika alfajiri. Niliwahi kumuuliza alitoa wapi mtindo huo. Alisema kiwandani alizoea kuwasikiliza watu wa zamu mbili wakilaumiana juu ya mtambo mmoja ulioharibika, na kila mara kosa lilijulikana pale tu mtu wa zamu moja alipolazimishwa kufanya kazi zamu ya wenzake.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka juzi, wakati wa kura ya maoni juu ya katiba mpya, yule mzee jirani alikuwa chungwa, alama ya waliopinga, kwa sababu ya mambo ya ardhi, na mama mmoja anayeuza mboga karibu na kisiagi alikuwa ndizi, alama ya waliokubali. Walikuwa wamemaliza wiki mbili bila kusalimiana, na mzee alikuwa amehamishia ununuzi wa sukuma wiki kwa mtu mwingine. Jumamosi moja walikutana kwenye foleni. Waliongea kwa hasira, mashine ikanguruma, ikazimwa, na mwenyewe akawaonyesha madebe kwa mkono uliojaa unga. Mzee akaketi upande wa ndizi huku watu wakicheka.

"Haya, mimi niko ndizi," akasema. "Ndizi ni tamu, haina mbegu ya kutema."

"Hiyo ni ya sokoni, jirani," mwenye kisiagi akamwambia. "Leta ya kura."

Mzee akaacha mzaha. "Hii katiba iko sasa, nani alituuliza? Hakuna. Hii ingine ni mbaya, lakini angalau wamekuja kutuuliza. Mtu akizoea kuulizwa, kesho atakataa kupitwa." Yule mama naye, kwenye debe la chungwa, alisema kwamba mkubwa akipewa nguvu zote leo kwa kuwa ni wa kwetu, kesho zitakuwa mikononi mwa asiye wa kwetu. Alipomaliza alibaki ameshika kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Hakuna aliyebadilisha kura. Mzee mwenyewe alitangaza kwamba amebaki chungwa. Lakini Jumatatu nilimwona amesimama kwa yule mama, anapunguziwa bei ya fungu la sukuma.

Jambo lililorudi mara nyingi kuliko yote lilikuwa la mtu azikwe wapi. Lilikuja kila Desemba, watu wa magharibi walipokuwa wanajitayarisha kwenda nyumbani. Mzee aliwachokoza bila huruma. "Nyinyi mnasafirisha maiti mbali kuliko sisi tunavyopeleka ng'ombe malisho wakati wa ukame. Na ng'ombe angalau atarudi." Mwenye kisiagi hakuwa mwamuzi tu katika hili, aliketi mwenyewe. Kwenye debe la mlangoni alisema kwamba kwao kwa mtu ni pale asipoonekana siku mbili watu wanauliza yuko wapi, na kwake pale ni Kitengela. Kisha, akiwa kwenye debe la ukutani, alisema kwamba majirani watahama, ploti zitauzwa, na miaka thelathini baadaye kaburi lake litakuwa chini ya sakafu ya duka la mtu. Lakini kule kwao kuna watu ambao hata wasipompenda watapalilia. Pande zote mbili alisema kwa sauti ile ile. Nilimsikiliza labda mara kumi, na kila mara nilikubaliana na debe la mwisho.

Mdogo wake alifika kutoka magharibi siku ya Alhamisi baada ya kifo. Ni mkulima wa miwa, mtu mpole. Jambo la kwanza aliomba hati ya ploti, isije ikapotea katika fujo za matanga, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Mjane akaitoa kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Hofu yake aliitoa kwa mke wangu jioni hiyo. Ploti yenye kaburi hainunuliwi na mtu. Mumewe akizikwa hapa, hakuna atakayemfukuza mjane. Akizikwa mbali, yeye asiye na mtoto wa kiume angeambiwa amfuate mumewe, na ile robo ekari na kisiagi vingeuzwa na ukoo.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo kwa kawaida ningekuwa kwenye foleni, tuliketi sebuleni kwake watu wanne: mjane, shemeji yake, yule mzee jirani, na mimi.

"Shemeji," mjane akasema, "bwanangu alisema atazikwa hapa. Alisema mbele ya watu."

"Watu gani?"

Akaninyooshea mkono. "Bwana Gazeti si huyu hapa? Muulize."

Nilijua alitaka niseme nini, na nilitamani kulisema. Wala halingekuwa uongo, maana nilimsikia marehemu kwa masikio yangu. "Alisema," nikajibu. "Alisema akiwa debe la mlangoni. Halafu akahamia la ukutani, akasema apelekwe kwao."

"Na yeye mwenyewe alikuwa anaamini gani?" mdogo wake akauliza.

"Sijui."

Mjane akanitazama. "Miaka kumi na miwili! Kila Jumamosi! Mlikuwa mnaongea nini huko?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Basi tukae vile tulikuwa tunakaa kwake. Huyu aongee ya huyu."

"Mzee, tuko na maiti hapa," mdogo wa marehemu akasema. "Si mambo ya mchezo."

"Hata yeye hakuwa anacheza."

Mjane alisimama kwa hasira, akaenda kuketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya shemeji yake. "Haya! Mimi ndiye shemeji. Nimetoka mbali na koti langu. Nataka maiti, na ploti pia nataka."

"Mama," mzee akamwambia taratibu, "hayo ni yako wewe. Sema yake."

Alipoanza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mama yetu amepita miaka themanini. Hawezi kusafiri. Huyu ni kifungua mimba wake, na tangu atoke nyumbani anamwona Desemba tu. Akizikwa Kitengela, mama ataambiwa kwa mdomo kwamba mwanawe amezikwa." Akaishia hapo. Kisha akasema, na sasa alikuwa anasema yake, "Hilo sikuwa nimelifikiria."

Zamu ya shemeji ilichukua muda. Alikuwa anatazama meza. "Mimi ni mjane," akasema mwishowe. "Sina kijana. Nikitoka kumzika bwanangu, nitarudi hapa nikute mlango uko na kufuli sijui ya nani." Akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha yenye ile hati, akaisukuma mezani mpaka ikamfikia mjane. Hakuna aliyemwomba ahadi.

"Mpelekeni kwa mama," mjane akasema.

Alizikwa Ijumaa iliyofuata, kando ya baba yake. Nilikwenda. Mama yake aliketi karibu na jeneza tangu asubuhi, akimuuliza kila aliyetoka Kitengela kama mwanawe alikuwa anakula vizuri. Nilimwambia sijui, kwa kuwa sikuwahi kula naye, lakini nilimweleza jinsi alivyokuwa anacheka. Mjane amesharudi. Kisiagi kinafanya kazi, ingawa wateja wamepungua kwa sababu siku hizi watu wananunua unga wa pakiti, na madebe hayana watu.

Nimelifikiria swali la mjane tangu siku ile. Mwaka huu ni wa uchaguzi, na kila asubuhi redioni nasikia watu wakipiga simu na kumwaga maneno juu ya maneno ya wenzao. Hakuna swichi ya kuwanyamazisha wakafikiri. Ningependa kila mmoja wao angalau mara moja aketi upande asioupenda. Lakini sitamsifu marehemu kupita kweli. Alitupa sote nafasi ya kujua mwingine anafikiri nini, akamwacha mkewe bila kujua yeye anafikiri nini. Mimi nilikuwapo, nilifurahia mabishano, na sikuwahi kumuuliza. Kubadilishana viti ni vizuri mtu anapotafuta ukweli. Lakini kuna watu watakaobaki na mzigo wa maamuzi yetu, na hao tunawadai kitu kimoja tu, watusikilize; wao wanatudai tuwaambie tunasimama wapi.

Jumapili iliyopita, tuliporudi nyumbani kutoka kanisani, nilimwambia mke wangu mahali ninapotaka kuzikwa. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Hiyo ni hoja, ama ni neno lako?"

Nikamwambia ni neno langu.

"Basi mimi hapo sipapendi," akasema. Akaweka ungo chini, akavuta kiti, akaketi.