Mama Vifungo na Menyu Isiyonyamaza

Mama Vifungo aliuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye duka jembamba kama ujia, ukuta mmoja wote ukiwa droo ndogondogo za mbao. Mafundi cherehani walimpenda kwa mdomo wake na kwa mikono yake. Hujamaliza kueleza kifungo unachotaka, ameshakutilia kiganjani.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu uliopooza ulipona. Mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka, na mpangilio wa zile droo ukamtoka kichwani. Akawa anasimama mbele ya ukuta wake mwenyewe kama mgeni aliyekosea mlango.

Binti wa kaka yake, aliyekuwa akisomea kompyuta, alimwandikia programu ya kutafutia droo kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu juu ya kaunta. Haikuwa na picha wala urembo, menyu ya maandishi matupu tu, ya kuchagulia kazi kwa namba: 1 Tafuta kifungo. 2 Ongeza kifungo. 3 Badilisha droo. 4 Funga.

"Shangazi, wewe bonyeza namba tu."

Shangazi akainyooshea kidole 1. Kidole kikatetemeka, kikaangukia herufi ya jirani. Alipobonyeza kitufe cha Enter ili kuthibitisha, menyu ikaanza kujiandika yenyewe bila kupumua, maandishi yakimwagika kama maji ya bomba lililopasuka.

"Nimeiua!"

"Hujaiua, Shangazi."

"Izime, mwanangu. Vitu hivi havitaki mikono kama yangu."

Alisema huku akicheka, lakini mkono aliuficha kwenye mfuko wa aproni. Binti akauona.

Kosa alilijua. Programu ilingoja tarakimu; ilipoletewa herufi haikuimeza wala haikuitema. Ilirudi kuuliza, ikaikuta palepale, ikauliza tena. Akaketi hapohapo dukani akaandika upya: isome mstari mzima kama maandishi, ihakikishe ni namba iliyomo kwenye menyu, na kama sivyo iutupe mstari wote na kuuliza tena. Maneno "Ingizo batili", yaliyokuwa yakitokea kila mtu akikosea, akayafuta. Shangazi yake hakuwa batili.

Kesho yake fundi wa magauni ya harusi akaingia mbio. Kifungo cha lulu kimedondoka, bibi harusi ameshavaa. Shangazi akabonyeza. Kidole kikagonga mara mbili, ikatoka 11. Skrini ikajibu:

"Samahani Shangazi, hapo sijakupata. Andika namba moja, 1 hadi 4. Taratibu, sina haraka."

"Mimi ninayo!" fundi akapiga kelele.

Shangazi akacheka mpaka machozi. Akabonyeza tena, safari hii 1, akaandika "lulu", na droo ikatajwa. Fundi akaondoka na kifungo chake mdomoni, mikono ikitafuta sindano.

Tangu hapo hakuizima. Siku moja binti akamkuta anaandika "hujambo" kwenye menyu.

"Shangazi, hiyo si namba!"

"Najua. Nataka tu iniambie haina haraka. Ninyi wengine, nani kati yenu huniambia hivyo?"