Tromboni Iliyoamia Ndege

Juzi nilikuwa Katindiuka, pale Ifakara, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nimekaa juu ya gunia langu nasubiri zamu. Unaijua kelele ya pale, na lile vumbi la pumba linalotua kwenye nyusi mpaka kila mtu anaonekana mzee. Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, na katika ukimya ule kijana wa mashine akafungulia muziki kwenye simu yake. Wimbo wa dansi wa zamani. Gitaa likatangulia, wakaingia wapulizaji wote kwa pamoja kama mlango uliosukumwa kwa bega, halafu wakapisha, na tromboni ikapanda peke yake, ikiteleza kutoka chini mpaka juu bila kukanyaga ngazi.

Nikasimama. Magoti yangu siku hizi hayasimami hovyo, lakini nikasimama.

"Huyo ni mimi," nikasema.

"Nani, mzee?"

"Huyo anayepuliza."

Wakacheka mpaka waliokuwa nje wakachungulia. Kijana akasema, "Mzee, kama huyo ni wewe, basi daraja la Kilombero nimelijenga mimi, tena peke yangu." Mama mmoja aliyekuwa anapeta chenga akanitetea kwa namna yake: "Mwacheni babu wa watu. Hajala tangu asubuhi."

Sikukasirika. Wangenijuaje? Mimi nilikuwa mpigaji wa kuitwa. Bendi ikitaka tromboni studio, inaniita, napuliza, nafuta mate, naondoka. Jina la mwimbaji linatajwa, la mpiga solo linatajwa, mimi sitajwi. Kwa miaka yote hiyo nimelala usingizi mzuri tu. Ila pale kwenye mashine, ghafla, nikataka kuaminiwa. Sijui kwa nini. Labda ni uzee. Nilitaka mtu mmoja, hata huyo kijana mwenye kofia iliyogeuzwa kisogoni, aseme: kweli, ni wewe. Kwa hiyo nikarudi kukaa juu ya gunia nikawasimulia, na wewe sasa nakusimulia hivyo hivyo, maana umeme wetu unaujua, haukuwa na haraka ya kurudi.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama. Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, njia ya kwendea Mofu, na msimu ulipofika tulihama nyumba tukaenda kukaa huko huko. Kila familia ilijenga dungu lake, kichanja cha miti chenye paa la nyasi, juu kabisa, ili uone shamba lote na maji yasikufikie. Chini ya dungu bibi alikaanga samaki, kitoga aliyekaushwa kwa moshi. Mpunga mbichi tuliukaanga tukautwanga tukala pepeta ingali na joto, na sijala tena kitu cha kulingana nayo, hata kwenye hoteli zile za Dar es Salaam ambako walitulisha kuku mzima mzima. Nitafika Dar. Ngoja kwanza.

Kazi ya mtoto ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukishatia maziwa, wale ndege wadogo wanakuja kama moshi, wanatua, na ukizubaa kidogo umebakiwa na majani. Unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Shule yangu iliishia hapo. Mwalimu wa darasa alikuja kulalamika, bibi akamjibu, "Ndege hawana Jumapili, watakuwa na Jumatatu?"

Na kulikuwa na utaratibu mmoja ambao ndio mzizi wa habari hii. Ukipiga debe lako kuita, dungu la jirani lazima lijibu: ko, ko. Kila asubuhi unaita, unajibiwa, unajua wako hai. Mwito usipojibiwa, watu wanaacha kazi wanakuja mbio, maana huko kuna nyoka, kuna viboko, kuna homa inayomlaza mtu akashindwa kushika kijiti. Bibi alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kusali. Mtu akiita, jibu. Utamuuliza shida yake baadaye.

Sasa misheni mjini Ifakara walikuwa na bendi ya wapulizaji. Mwalimu wa bendi alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye baiskeli iliyong'aa kuliko viatu vyake. Alitupanga wavulana ukutani, akatupima mikono kwa mti wa ufagio, akafika kwangu akasema, "Wewe mwenye mikono ya nyani, njoo." Akanipa tromboni. Wenzangu waliiita pampu, kwa lile bomba lake la kusukuma na kuvuta. Mimi nilivyoishika tu, nikasikia baridi ya shaba kwenye shavu, nikajua kwamba mambo mengine yote duniani yatasubiri.

Hayakusubiri. Mpunga ukatia maziwa, nikatakiwa dunguni, na maandamano ya Ekaristi yalikuwa yanakaribia. Mwalimu alikuwa na sheria moja: asiyefanya mazoezi haandamani. Nililia siku nzima juu ya dungu huku nikipiga debe. Bibi hakunibembeleza. Akasema, "Lia, lakini piga."

Basi siku moja namwona mwalimu anakuja kwenye tuta, baiskeli ameibeba yeye begani badala ya yenyewe kumbeba, matope mpaka magotini, na mgongoni ana kitu kimefungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuvuna?"

"Nimeleta mazoezi. Ndege wamemkataza mtoto kuja kwangu, basi tromboni na ikae na ndege."

Bibi akaizunguka ile tromboni, akaigusa kwa kidole. "Hiyo pampu inakula nini?"

"Pumzi tu, mama."

"Hiyo anayo. Chakula ndicho kinachonishinda."

Kesho yake alfajiri, ukungu umelala juu ya mpunga, milima ya Udzungwa hata haionekani, nikapanda kwenye ukingo wa dungu nikavuta pumzi yote ya bonde, nikapuliza sauti ya chini kabisa. Mungu wangu, ilitoka kama tumbo la nchi limekoroma. Ndege wote wakaruka. Na kabla sijafurahi, nikasikia madebe yanalia kila upande, mbwa, watu wanapiga kelele, "Kiboko! Kiboko kaingia kwa bibi!" Wakatokea kwenye ukungu na mikuki na vijinga vya moto, wa mbele kabisa akiwa mama jirani wa dungu la pili, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuvusha mto, panga mkononi. Wakanikuta nimekumbatia shaba.

Mama jirani akanitazama, akatazama kile kitu, akashusha panga. "Mjukuu wangu, siku nyingine ukitaka kutuua kwa mshtuko, tupe nafasi tuage kwanza." Tangu siku ile jina langu bondeni likawa Kiboko wa Bibi. Wako waliokufa hawajui jina langu la ubatizo.

Lakini ndege si wajinga. Sauti moja ukiirudia, wanaizoea. Ikafika mahali napuliza nyimbo za kanisa na wao wanakula kwa kufuata mapigo. Nilichoka, nikakasirika, nikalivuta lile bomba kwa nguvu bila kukata pumzi, na sauti ikateleza kutoka chini mpaka juu kama mwewe anayegeuza safari. Kundi zima likainuka kama shuka linalokung'utwa! Nikarudia. Wakainuka tena. Na kutoka dungu la mama jirani, polepole, kama mtu aliyefikiri kwanza, nikasikia: ko, ko. Ameusikia mwito, amejibu. Msimu wote tukaenda hivyo. Nateleza, najibiwa. Ndugu yangu, nimepiga na bendi kubwa zenye safu ya wapulizaji iliyojaa jukwaa, lakini furaha ile ya kujibiwa kwenye ukungu, hiyo bado inanisimamisha malaika.

Siku ya maandamano ikafika na mpunga haujakomaa. Mmoja wetu lazima abaki, na bibi alikwishajifunga kanga ya kubaki. Mama jirani akaja na debe la pili kwapani. "Nendeni wote wawili. Nina miguu miwili na ninyi mna shamba moja, nitagawa." Akaamia mashamba yote mawili peke yake, anakimbia juu ya matuta. Tuliporudi jioni tulikuta sauti imemkauka.

Mjini njia yote ilitandikwa majani, kuna matao ya migomba, watoto wanamwaga maua. Bibi alisimama kando ya njia, na bakuli lake la bati lenye maua. Bendi ikapita taratibu, mwalimu mbele, tukafika pahali ambapo wenzangu walinyamaza na mimi nilitakiwa kushika sauti moja iliyonyooka. Mkono ukanisaliti. Ulikuwa umezoea ndege. Sauti ikateleza, kutoka chini mpaka juu, mbele ya padri na Ekaristi na umati wote uliopiga magoti.

Kimya. Nikajua nimekwisha, nitanyang'anywa tromboni.

Na katika ule ukimya bibi yangu, bila hata kuinua uso, akakung'uta maua yote chini, akaligonga bakuli: ko, ko.

Watu wakageuka. Mwalimu akageuka pia, masharubu yanamcheza, nikaona ni kicheko anakizuia. Akainua mkono, bendi ikaendelea. Baada ya misa masista wakamuuliza bibi kulikoni, mama mzima. Akawashangaa wao. "Mtoto kaita. Nimwache bila kujibiwa?"

Tromboni sikunyang'anywa. Kwa tromboni hiyo nilivushwa mto kwa pantoni, nikafika Morogoro, nikafika Dar, kila bendi siku hizo ikijiita jazi na kila bendi ikitaka mtu mwenye mikono ya nyani. Nimepuliza nikiwa na suti nyeupe. Nimepuliza nyuma ya waimbaji ambao wanawake walizimia kwa ajili yao, nikawahesabia mapigo huku natafuna karanga. Na siku moja nikaitwa studio kwa wimbo huu. Kiongozi akasema, hapo katikati jaza kitu, chochote. Nikateleza. Halafu nikakwama. Nimeita na hakuna aliyejibu, pumzi ikakataa kuendelea. Tukarudia, nikakwama tena. Kiongozi akaanza kutukana. Nikamwendea mpiga ngoma, nikamwambia, "Kaka, nikimaliza kupanda, nijibu. Kwenye ukingo wa ngoma, pale kwenye bati. Ko, ko." Bibi alikuwa amezikwa mwaka huo.

Pale kwenye mashine umeme ulikuwa bado haujarudi. Nikamwambia kijana, "Rudisha wimbo mwanzo." Nikalivuta debe la kupimia mpunga, nikaligeuza, nikafumba macho. Gitaa. Wapulizaji. Wakapisha. Tromboni ikapanda, na ilipofika juu kabisa nikaligonga debe, ko, ko, na ndani ya simu ikagongwa ko, ko, pamoja nami, huwezi kupitisha hata punje katikati.

Hakuna aliyecheka. Mama wa chenga aliacha kupeta. Kijana akaigeuza kofia yake mbele, halafu akaivua kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nirushie huo wimbo. Mimi mwenyewe sina."

Akacheka, akanirushia. Jioni ile nilitembea mpaka lilipokuwa shamba letu. Matrekta yanalima mpaka kando ya mto, madungu yamebaki ya kuhesabika, na vijana wanaamia kwa pikipiki na filimbi, kila mtu na lake. Meno yangu ya mbele hayapo, tromboni singeweza kuipuliza hata ukinipa. Nikaiinua simu juu, kuelekea lilikokuwa dungu la mama jirani, nikaufungua wimbo sauti ya mwisho. Nikaita. Mpunga ukatikisika kwa upepo, ndege wachache wakaruka, na ndani ya simu, ko, ko, bibi akajibu.