Mlinzi Aliyelishwa na Mwizi

"Mikebe minne!" Jerusha aliipiga meza ya watu kwa kiganja. "Mikebe minne ya unga wa kinga nimekunywa, daktari, asubuhi na jioni, chungu kama nyongo ya samaki, ili askari wa mwili wangu waongezeke. Leo unaniambia askari hao hao wamekaa ndani ya uvimbe wanakula na mwizi! Sasa hiyo ni kinga gani? Si afadhali nisingekuwa nayo!"

Kiprop, tabibu ambaye Lodwar nzima humwita daktari, alisubiri kalamu iliyoruka iache kubingirika. Alikuwa amemzoea. Tangu siku ile alipokata kinyama kidogo kwenye titi lake na kukipeleka Eldoret kupimwa, hawakuwahi kuonana bila kelele.

"Mama Omollo, sikusema askari wote. Damu yako ina askari weupe wa aina nyingi. Wako ambao wakikuta kansa wanaiua. Lakini wengine wakishaingia ndani ya uvimbe, uvimbe unawageuza. Wanausaidia kuvuta mishipa ya damu ili upate kula. Na wale wauaji wakifika, wanaambiwa tulieni, hapa hakuna neno. Si kila uvimbe uko hivyo. Lakini ndani ya uvimbe wako, maabara imeona, hao waliogeuzwa wamejaa."

"Na unga wangu?"

"Huo unga sijaona ushahidi kwamba unaongeza kitu. Na hata ungeongeza, ungejuaje umwongeze yupi?"

Jerusha akaisukuma ile kalamu irudi upande wa Kiprop.

"Uende Eldoret," Kiprop akasema. "Dawa za dripu kwanza, uvimbe upungue, halafu upasuaji. Bado haujashika ukuta wa kifua. Lakini uende wiki hii, mama. Usingoje mwezi ujao."

"Eldoret kuna baridi," akajibu, akachukua mkoba wake akatoka.

Baridi haikuwa neno. Jerusha aliogopa kisu. Mwanamke aliyekuja Turkana miaka ishirini na miwili iliyopita akimfuata mume mtumishi wa serikali, akabaki mjane, akaanza kununua samaki wa ngege wakavu huko Kalokol ziwani na kuwapandisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa magunia, mwanamke ambaye madereva wa malori walimsalimia kwa mbali ili asiwakumbushe makosa yao, huyo huyo alikuwa akiona wembe wa kukatia kamba anageuza macho. Hilo hakumwambia mtu.

Kesho yake akapakia magunia sita, akaenda Kakuma. Kazi ilikuwa kazi.

Élisabeth, Mkongo wa Uvira, alimpokea mbele ya meza yake ya vitenge. Walikuwa marafiki miaka kumi, na ndiye aliyemwuzia ule unga. Kumwuzia kwenyewe kulikuwa kwa huruma, kwa sababu hata yeye aliuamini.

"Mama Jerusha, karibu! Uko unakonda, dada. Ile unga ilishaisha?"

"Unga umekwisha. Uvimbe ndio umeota mabega."

"Basi ilikuwa kidogo. Mi ninakunywaka vijiko tatu. Ongeza! Askari wakikuwa wengi, mwizi atapitia wapi?"

Jerusha alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea mkebe. Mkono ukabaki hewani. Kisha akaketi juu ya gunia, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Ongeza. Neno hilo aliwahi kulifuata, na hapo hapo Kakuma. Mwaka juzi samaki walikuwa wakipungua stoo. Mlinzi alikuwa Ochola, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, kwa hiyo hakumshuku. Akaongeza mlinzi wa pili, Nyuon, kijana wa Sudan Kusini mwenye masikio makali. Samaki wakazidi kupungua. Jerusha akakasirika, akamfukuza Nyuon kwa kulala kazini, na tochi yake akaishika kufidia hasara. Kumbe Nyuon hakulala hata siku moja. Mwizi alikuwa akija na chapati na chai ya maziwa, Ochola anakula, na Nyuon akiinuka na rungu, Ochola anamwambia, "Kaa chini, huyo ni mteja wa mama." Kijana akaketi. Angefanyaje? Aliyemwambia ni mkubwa, ni mtu wa nyumba.

Ukweli ulipotoka Ochola alirudishwa kwao. Nyuon hakuitwa. Jerusha hakuwa na mazoea ya kuomba radhi.

"Élisabeth," akasema, "unga wako siutaki tena."

"Mi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi ndiye mjinga. Walinzi wangu hawajapungua, ni kwamba wako wanaokula chapati. Nikiongeza watu mlango ule ule, naongeza wa kukaa chini. Huyo mwizi atolewe, na nyumba yake ibomolewe."

Élisabeth hakuelewa chapati zimeingiaje, lakini alielewa uso. "Unaenda kukatwa?"

"Naenda. Kama ni kuogopa, nitaogopa nikiwa ndani ya basi. Wewe baki uniuzie hawa samaki."

"Mi? Samaki yenye harufu, na vitenge vyangu?"

"Vitenge vyako vina harufu ya nini sasa hivi, waridi?"

Élisabeth akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge cha kuuza. "Na ukikufa huko?"

"Utarithi magunia sita. Omba nisife, moja lina wadudu."

Siku ya tatu alikuwa Eldoret, amevaa sweta mbili. Dripu zilimtoa nywele, zikamtoa hamu ya kula, ulimi hazikuugusa. Aliwafundisha wauguzi kupika uji. Siku moja akamwuliza daktari mkubwa kama hakuna dawa ya kuwaamsha hao askari waliotulizwa. Daktari akamwambia zipo, kwa kansa za aina fulani, si kwa kila mtu, na ni ghali. Na wapo wataalamu wanaotafuta namna ya kuwageuza wale waliogeuzwa warudi upande wetu.

"Basi wakazane," Jerusha akasema. "Wasiende chai mara kwa mara."

Uvimbe ulipungua. Asubuhi ya kisu alitetemeka mpaka kitanda kikalia, akamwambia muuguzi ni baridi. Titi likaondoka. Majibu yakaja: kingo safi, arudi kila miezi mitatu kuangaliwa. Hakuna aliyemwambia amepona, naye hakuwalazimisha waseme.

Aliporudi Lodwar, Jerusha alimwekea Kiprop barua ya majibu mezani, safari hii bila kupiga meza. Kiprop aliisoma mara mbili, akatabasamu hadi masikioni.

"Ejok, mama," akasema kwa Kiturkana, yaani ni vizuri.

"Ejok-noi. Umekonda, daktari. Kula."

Kakuma alifika saa nne asubuhi, kitambaa kichwani. Magunia yote yalikuwa yameuzwa, hata la wadudu. Lakini hakukaa kwa Élisabeth. Aliulizia mpaka akamkuta Nyuon akilinda duka la simu, amenenepa kidogo. Kijana alipomwona akasimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, leo sikufukuzi." Akafungua mkoba, akatoa tochi. "Hukulala, Nyuon. Najua tangu mwaka juzi. Nilimwadhibu aliyekuwa macho. Nisamehe."

Nyuon aliipokea kwa mikono miwili. Akaiwasha pale pale, juani, akajimulika kiganja.

"Mama, hii betri ni mpya."

"Ulitaka nikurudishie giza?"

"Basi yamekwisha, mama," Nyuon akasema, akamsogezea kiti.